Kushusha gari bila kuumiza mgongo: mwongozo kamili wa kulinganisha koilova, springi fupi na shokapu kwenye Subaru Impreza, Toyota Altezza na Toyota 86

Wakuu, kuna swali naulizwa karibu kila wiki, "niweke koilova gani inayolala vizuri ila isinipige mgongo?" (koilova ni shokapu na springi pamoja, kimo unarekebisha mwenyewe) na mtu anasubiri nimtajie jina la kampuni moja akanunue. Siwezi kumtajia jina kabla hajanipa namba, na namba yenyewe ni hii: ukishashusha gari, shokapu yako imebaki na milimita ngapi za kupanda kabla haijagonga raba ya kuzuia, ile inayozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma? Mimi naita mwendo uliobaki. Gari ya sport inayodunda kwenye barabara zetu, mara nyingi sio springi ngumu wala kampuni mbovu, ni mwendo umeisha. Ukilielewa hilo, kulinganisha seti mbili za saspensheni inakuwa kazi ya tepu na kalamu badala ya ubishi.

Mimi nimejifunza kwa hasara. Impreza yangu ya modeli ya GDB ilikuja kutoka Japani na koilova tayari, imelala, inapendeza, nikaona nimeokota embe chini ya mwarobaini. Kule Japani ukaguzi wa gari unataka angalau sentimita 9 kutoka chini ya gari mpaka lami, kwa hiyo gari inaweza kuwa chini vile na bado ikapita kihalali, na barabara zao zinairuhusu. Sasa ilete hapa Dar, tuta la kwanza mtaani umekwangua tumbo, mpaka wiki ya pili niliyajua matuta yote kutoka nyumbani mpaka kazini na yapi ya kuyakata kwa mshazari. Nikadhani dawa ni kununua koilova nyingine ya bei. Nikanunua, nikafunga kwa kimo kilekile, ikadunda vilevile. Hapo ndio nikakaa chini nikaanza kupima.

Hatua ya kwanza: jua unaanzia wapi

Watu wengi wanalinganisha koilova mpya na shokapu za zamani zilizokufa, alafu wanasema "mbona koilova laini kuliko za kiwandani!" Hapana mkuu, za kiwandani unazozisema zilikufa kitambo. Impreza ya 2004 ni gari ya zaidi ya miaka 20, Altezza ya mwisho kutengenezwa ni ya 2005. Bushi (raba za kwenye maungio ya miguu) zimepasuka, maunti za juu za shokapu zimekaa, linki za stablaiza zinagonga kama mtu anabisha hodi. Ukifunga seti mpya juu ya bushi mbovu unajaribu bushi, hujaribu shokapu.

Kwa hiyo kabla ya lolote ingia chini ya gari na tochi. Angalia shokapu kama imetoa mafuta (vumbi la kawaida ni kavu, mafuta yanashika vumbi linakuwa tope jeusi), shika linki ya stablaiza itikise kwa mkono, weka nondo kwenye bushi za lowa aamu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) usukume taratibu uone raba imepasuka au la, alafu mtu mwingine azungushe usukani gari ikiwa imesimama wewe umeweka kiganja juu ya maunti ya shokapu kwenye injini, ukisikia inashtuka kama springi inajifungua ghafla, beringi ya maunti imeisha. Hivi vyote ni spea za bei ya kawaida, badilisha kwanza. Nimeona watu wawili watatu wakiishia hapo, gari ikarudi laini wakaghairi koilova.

Halafu pima kimo. Usipime kutoka chini mpaka kwenye fenda, kwa sababu upepo wa tairi na kuisha kwa tairi vinakudanganya, na ukibadilisha saizi ya tairi namba zako zote zinakuwa takataka. Pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda, wima kabisa. Gari iwe sehemu tambarare, tenki nusu, hamna mzigo, na kabla ya kupima itembeze mita chache mbele na nyuma bila kukata usukani, kwa sababu gari iliyotoka kwenye jeki haikai kimo chake mpaka tairi zijipange. Andika pembe zote nne. Zikitofautiana kushoto na kulia milimita 5 usishtuke, zikizidi 10 tafuta springi iliyovunjika au kukaa.

Hatua ya pili: pima mwendo uliobaki

Hii ndio roho ya mwongozo wote, kwa hiyo twende pole pole.

Shokapu ina fimbo inayoingia na kutoka. Gari ikisimama, fimbo iko katikati mahali fulani. Tuta likija inaingia, shimo likija inatoka. Umbali wa kuingia kabla haijafika kwenye raba ya kuzuia ndio unaokupa ulaini. Ukishusha gari milimita 40 kwa springi fupi tu, umekula milimita 40 za huo umbali, karibu zote kama ni gari ya miguu ya MacPherson (shokapu na springi ni mguu mmoja karibu wima) kama Impreza.

Chukua zipu tai ndogo, ile kamba ya plastiki ya kufungia waya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu iwe imebana kidogo lakini inaweza kuteleza, isukume chini mpaka iguse mwili wa shokapu. Gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, pima kutoka zipu tai mpaka ncha ya chini ya raba ya kuzuia. Huo ndio mwendo uliobaki. Alafu endesha njia yako ya kila siku, siku nzima, na abiria unaobeba kawaida. Jioni angalia zipu tai imesukumwa mpaka wapi. Ikiwa imebaki sentimita moja au mbili mbali na raba, uko salama. Ikiwa imefika kwenye raba na kuingia, kila ule mdundo uliousikia ulikuwa ni raba. Onyo moja, shokapu zilizogeuzwa kama zile za Impreza STI nyingi zina raba ya kuzuia kwa ndani kwa hiyo zipu tai haitakuambia kitu, pale inabidi uzifungue au upime kwa kuangalia gurudumu lenyewe limepanda kiasi gani (kata udongo wa mfinyanzi au plastisini ya watoto, bandika juu ndani ya fenda, utaona alama ya tairi).

Kwa nini nasisitiza hivi? Nguvu ya tuta lazima imezwe na springi ndani ya umbali ulionao, na springi inameza kwa kiwango cha ugumu zidisha umbali mara umbali. Maana yake ukipunguza umbali kwa nusu, ili umeze tuta lile lile bila kugonga unahitaji springi ngumu mara 4. Mara nne, sio mara mbili. Ukibakiza asilimia 70 ya umbali unahitaji ugumu kama mara 2. Hapo ndio utaelewa kwa nini gari iliyoshushwa milimita 20 inaweza kuwa tamu kabisa na ile ya milimita 50 ikawa mateso, tofauti ni milimita 30 tu kwa macho lakini kwa mgongo ni dunia mbili.

Hatua ya tatu: jua ni aina gani unazilinganisha

Kuna njia nne za kawaida na watu wanazichanganya.

Ya kwanza, shokapu mpya kwenye springi za kiwandani. KYB mpya za kawaida, au Bilstein B6, ambayo ni ya urefu wa kiwandani, bomba moja, gesi yenye presha. B6 haikushushii gari. Ila inashika mwili wa gari vizuri sana, gari haiyumbi, haichezi baada ya tuta. Kwa mtu wa kuendesha kila siku Dar, Mombasa au Nairobi hii ndio naipenda kuliko zote na nitaisema bila kumung'unya maneno.

Ya pili, springi fupi kama Eibach au H&R juu ya shokapu za kiwandani. Bei nafuu, gari inalala sentimita 2 mpaka 4, lakini shokapu ya kiwandani imetengenezwa ifanye kazi juu zaidi na kushika springi laini zaidi. Unakula mwendo, na shokapu inachoka mapema. Ikiwa springi inashusha milimita 20 naweza kuelewa, zaidi ya hapo unajidanganya.

Ya tatu, springi fupi pamoja na shokapu fupi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Bilstein B8 ni hii, ni ndugu wa B6 ila imefupishwa kwa ajili ya springi za kushusha. Koni za njano nazo watu wanazipenda kwa sababu unaweza kurekebisha upande wa rebaundi, yaani shokapu inapofunguka. Hii njia watu wanaisahau kabisa, na kwa gari ya barabarani mara nyingi inashinda koilova za bei hiyohiyo.

Ya nne koilova zenyewe. Hapa kuna makundi mawili na ukikosea hapa umeliwa. Kuna koilova ambazo kimo unabadilisha kwa kuzungusha kikombe cha springi tu, kwa hiyo ukishusha gari fimbo inaingia, mwendo unapungua. Na kuna zile za nyuzi mbili, ambazo mguu wa chini unajifungua na kujifunga peke yake, kwa hiyo unashusha gari kwa kufupisha mwili wote wa shokapu na fimbo inabaki palepale. Tein Flex Z ni ya nyuzi mbili na ina klik 16 za dampingi, yaani hatua 16 za kurekebisha ugumu wa shokapu. BC Racing BR nayo ni ya nyuzi mbili, klik 30. Bilstein B14 kimo unabadilisha kwa kikombe, dampingi imefungwa kiwandani huna cha kugusa, na bado ni moja ya koilova laini za barabarani kwa sababu walioipanga walijua wanachofanya. Wingi wa klik sio ulaini jamani. Öhlins Road & Track iko juu ya hizi kwa bei na kwa kazi, vali yake imetengenezwa ili shimo kali na gurudumu linaporudi vyote vipitishe mafuta haraka, ukipita viraka unaisikia tofauti.

Kuna wale wa kunyanyua kwa spesa pia, wanaweka kipande cha alumini juu ya shokapu ya Impreza au Mark X ili ipite matuta. Sawa, ila elewa kwamba unakula upande wa pili, gurudumu linaning'inia chini zaidi na eksili na boljointi vinafanya kazi kwa pembe kali. Sentimita 2 sina neno. Nne na kuendelea, usinilaumu.

Hatua ya nne: soma namba ya springi kwa akili

Springi za Kijapani zinaandikwa kilo kwa milimita. Ukiona "7K" maana yake unahitaji kilo 7 kuibana milimita 1. Za Ulaya zinaandikwa kwa Newton, na K 1 ni karibu Newton 9.8 kwa milimita. Za Kimarekani ni ratili kwa inchi, K 1 ni kama ratili 56.

Sasa, namba hiyo peke yake haina maana mpaka ujue springi iko wapi kwenye mguu na gari ina uzito gani. Fikiria Canter tupu na Canter iliyobeba saruji. Springi zilezile. Tupu inarusharusha dereva mpaka kichwa kinagusa paa, ikibeba inatulia kama kitanda. Kinachosikiwa na mwili wako ni mara ngapi kwa sekunde gari inapanda na kushuka kwenye springi, na hiyo inatokana na ugumu kugawanya kwa uzito.

Tufanye hesabu pamoja. Impreza, pembe moja ya mbele tuseme ina kilo 350, toa kilo 40 za gurudumu, breki na habu ambazo hazikai juu ya springi, inabaki 310. Mguu wa MacPherson uko karibu wima karibu na gurudumu, kwa hiyo springi inatembea karibu sawa na gurudumu, tuseme 0.95. Namba hiyo unaizidisha kwa yenyewe, unapata kama 0.9. Springi ya 3K ni Newton 29.4 kwa milimita, mara 0.9 ni 26.5 kwenye gurudumu. Igeuze iwe kwa mita, 26,500, gawanya kwa 310, tafuta kipeuo cha pili, gawanya kwa 6.28. Jibu ni kama 1.5 kwa sekunde. Hiyo ni gari ya sport iliyostaarabika. Sasa weka 7K, njia ileile, unapata kama 2.25. Hiyo inakaribia gari ya mashindano, na kwenye lami yenye viraka unasoma kila kiraka kwa uti wa mgongo. Gari za starehe ziko karibu na 1 mpaka 1.2. Mimi kwa barabara zetu sivuki 1.8 na nikivuka najua natafuta nini.

Altezza ni hadithi nyingine. Ina wishiboni mbili (aamu ya juu na ya chini) kila pembe, na springi inakaa juu ya aamu ikiwa mbali na gurudumu, kwa hiyo gurudumu likipanda sentimita 10 springi inabanwa kidogo kuliko hapo. Ikiwa uwiano wako ni 0.7, ukizidisha kwa yenyewe unapata 0.49. Maana yake 10K kwenye Altezza inafika kwenye gurudumu kama 4.9K, wakati 6K kwenye Impreza inafika kama 5.4K. Mtu wa Altezza ana springi "ngumu" zaidi kwenye karatasi na gari laini zaidi barabarani! Ndio maana huwezi kumwambia jamaa mwenye 86 aweke springi za rafiki yako wa Altezza. Na 86 yenyewe mbele ni MacPherson nyuma ni wishiboni mbili, kwa hiyo usione springi za nyuma ni ngumu kuliko za mbele ukadhani wamekosea.

Kitu kimoja zaidi hapa. Gari ikipita tuta, mbele inapanda kwanza, nyuma inafuata. Kama nyuma inacheza pole pole kuliko mbele, mbele imeshashuka nyuma ndio kwanza inapanda, gari inabembea kama ngalawa. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors, alilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1930, kwamba nyuma iwe na mtikisiko wa haraka kidogo kuliko mbele ili iwahi. Kwa hiyo ukilinganisha seti mbili, fanya hesabu mbele na nyuma. Seti ambayo nyuma iko juu kidogo ya mbele kwa mtikisiko, na sio kwa mbali, ndio itakutuliza safari ya Dar mpaka Morogoro.

Hatua ya tano: jaribio la barabarani, lile lile kila mara

Hapa kuwa mkali kwa nafsi yako. Chagua kipande kimoja cha barabara chenye vitu vinne: tuta moja refu, lami yenye viraka, kipande cha changarawe, na kona ndefu unayoijua. Dakika 5 zinatosha. Upepo wa tairi upime asubuhi tairi zikiwa baridi, namba ileile. Mafuta nusu. Abiria walewale au uwe peke yako kila mara. Kasi ileile, mimi tuta napita kwa kilomita 15 kwa saa na viraka kwa 50. Na tairi usiguse, maana tairi ya 225/45R17 ina ukuta wa kama milimita 101 na ya 225/40R18 ina 90, hiyo milimita 11 ya raba ni laini kuliko unavyodhani na itakuharibia hukumu. Nimeona mtu kabadilisha koilova na rimu siku moja, akazisifia koilova miezi sita, kumbe sifa ilikuwa ya tairi.

Kama unataka namba, pakua phyphox, ni programu ya bure ya simu iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inasoma sensa ya mtikisiko ya simu yako. Funga simu iwe bapa katikati ya viti, kwa gundi ya pande mbili, isicheze hata kidogo. Rekodi kipande cha viraka, toa faili kwenye Excel, chukua safu ya mtikisiko wa juu na chini na upige STDEV, ile amri ya Excel inayopima namba zimetawanyika kiasi gani. Namba ndogo, gari laini. Rudia mara 3 kwa kila seti na uchukue ya katikati. Ila usiabudu namba, kwa sababu mwili wa mtu aliyekaa unachukia zaidi mtikisiko wa mara 4 mpaka 8 kwa sekunde kuliko ule wa pole pole, kwa hiyo gari inayobembea inaweza kutoa namba kubwa na bado ukaipenda kuliko ile inayotetemeka. Andika pia kwa maneno: kwenye tuta iligonga au ilimeza? Baada ya tuta ilicheza mara ngapi kabla ya kutulia? Mara moja ndio sahihi. Ikicheza mara tatu rebaundi ni laini mno au shokapu imekufa. Isipocheza kabisa ila inahisi kama inazama chini kila ukipita matuta mfululizo, rebaundi ni ngumu mno, gurudumu halipati muda wa kurudi chini kabla tuta jingine halijafika, mwendo unaliwa tuta kwa tuta.

Hatua ya sita: kufunga, na kosa moja linaloua kila kitu

Fundi mmoja alinifungia seti yangu ya pili na kazi ilikuwa safi kwa macho, gari ikiwa juu ya jeki magurudumu yananing'inia akakaza nati zote mpaka mwisho. Baada ya miezi michache bushi za lowa aamu zote zimechanika. Sikuelewa kabisa. Sababu ni hii, bushi za raba zimeshikana na chuma ndani na nje, hazizunguki, zinajinyonga tu. Ukizikaza wakati mguu unaning'inia, siku zote gari ikikaa chini bushi imejinyonga, inavuta gari juu, inaongeza ugumu usio wa springi na inachanika. Kwa hiyo: funga bolti zote za aamu kwa mkono tu, shusha gari ikae kwa uzito wake (ipandishe kwenye mbao au rampu ili upate nafasi ya kuingia), ndipo ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Usimwachie fundi aseme "nitakaza mwishoni", simama pale uone. Na uifanye tena kila ukibadilisha kimo kwa zaidi ya sentimita moja.

Mengine ya haraka. Maunti za chuma za juu zinazokuja na koilova zinaleta kelele, kila kokoto unalisikia ndani, kama unataka utulivu tafuta seti inayotumia maunti za raba za kiwandani. Usitupe raba za kuzuia na kava za vumbi ili "kupata mwendo", bila raba shokapu inagonga chuma kwa chuma ndani na inakufa. Kama unanunua koilova mtumba, tandaza chini, ibane fimbo kwa uzito wa mwili wako, inatakiwa iingie na ugumu wa kulingana mwanzo mpaka mwisho, ikikutana na sehemu ya mwendo ambayo ni tupu kama hakuna kitu, hiyo mafuta yameisha. Pitisha kucha kwenye fimbo, ukihisi mkwaruzo sili itavuja. Na nyuzi za kimo ziwe zinazunguka, zikiwa zimeota kutu umenunua shokapu ya kimo kimoja.

Hatua ya saba: kimo na klik

Anza juu. Watu wote wanaanza chini kabisa alafu wanapanda polepole, wewe anza milimita 10 tu chini ya kiwandani. Kwa koilova ya nyuzi mbili, kikombe cha springi kifunge mpaka springi isicheze kwa mkono, ongeza milimita mbili tatu, acha. Usikaze zaidi ukidhani unafanya gari iwe ngumu, springi ya kawaida ya ugumu mmoja haibadiliki ugumu kwa kukazwa, unachobadilisha ni kimo na mgawanyo wa mwendo tu. Kimo chote baada ya hapo fanya kwa mguu wa chini.

Dampingi anza katikati, na andika unahesabu kutoka upande gani. Kampuni nyingine zinahesabu kutoka ngumu kabisa, nyingine kutoka laini kabisa, na ukimuuliza mwenzako akakuambia "weka 10" bila kusema upande, umepoteza Jumamosi. Badilisha klik 2 mpaka 3 kwa wakati, mbele peke yake au nyuma peke yake, rudi kwenye kipande chako cha barabara. Ukifika pale gari inacheza mara moja na kutulia, simama. Kuongeza ugumu zaidi hakukupi kona nzuri zaidi kwenye lami mbovu, tairi linaanza kuruka na tairi lililo hewani halishiki kitu.

Alafu ndio ushuke, milimita 5 kwa 5, zipu tai ikiwa kwenye fimbo. Siku zipu tai itakapofika kwenye raba kwenye njia yako ya kila siku, rudisha juu milimita 10 na hapo ndipo kimo cha gari yako kilipo, haijalishi picha za gari za Japani zinasema nini. Kwenye Impreza yangu ilikuwa milimita 20 chini ya kiwandani mbele na 15 nyuma, kwenye 5K. Nilitamani 40. Nilishusha 40, nikaendesha wiki moja, nikarudisha, na sijawahi kutamani tena.

Na kwa wenye miguu ya MacPherson, jueni kwamba mkishusha sana lowa aamu inapita usawa wake na kuanza kuelekea juu upande wa nje, hapo sehemu ambayo gari inapinda kwa kuizunguka inashuka haraka kuliko mwili wenyewe, kwa hiyo gari iliyolala inaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko ilivyokuwa. Angalia aamu yako kwa pembeni gari ikiwa chini. Ikiwa imeshapanda, ama nunua boljointi ndefu za kurudisha pembe pamoja na tairodi zake, ama rudisha gari juu. Kurudisha juu ni bure.

Hatua ya nane: alaimenti na taa

Ukibadilisha kimo, alaimenti imebadilika, hakuna mjadala. Tairi zinaegemea ndani juu, hiyo kemba, na watu wanailaumu kwa kula tairi kwa ndani. Muuaji mkubwa zaidi ni tairi mbili kutoangalia mbele sawa, milimita chache tu za kuangaliana vibaya zinakwangua tairi kilomita zote unazotembea. Impreza mbele ina bolti ya juu ya shokapu yenye kizunguko cha kurekebisha kemba, itumie, mwambie fundi wa alaimenti asiifunge tu. Omba karatasi ya namba kabla na baada. Pakaa chaki mstari mpana kwenye uso wa tairi, tembea barabara iliyonyooka, angalia inafutika wapi, ni kipimo cha shilingi mia na kinasema ukweli.

Kama gari yako ina taa za kujisawazisha zenyewe, kuna sensa yenye kamkono kadogo imeshikana na aamu. Ukishusha gari sensa inadhani umebeba mzigo na inaelekeza taa vibaya. Rekebisha kamkono hako, usimuue mtu wa bodaboda kwa taa.

Baada ya kilomita 500 pima tena habu mpaka fenda pembe nne, springi mpya zinakaa kidogo. Kaza bolti za shokapu na nati za juu. Sisi wa pwani chumvi inakula nyuzi za koilova haraka, kila miezi 3 piga brashi ya nailoni na maji ya kawaida, kausha, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye nyuzi, na zungusha vikombe nusu duru kwenda na kurudi ili visigande. Namba zako zote, kimo, klik, kemba, upepo, ziandike kwenye karatasi uigandishe ndani ya boneti kwa seloteipu. Yangu iko pale upande wa betri, ina mistari kumi na moja sasa, na ule wa "40 mbele, zipu tai imefika kwenye raba" nimeuzungushia duara jekundu.